Ushuru wa Mti wa Julia

Chiwata,
6 Mei 2023

Mdogo wangu Alfredi,

Marahaba. Nimeanza kuitikia kabla hujanisalimu, kwa sababu simu yako mwezi wa pili huu haipatikani na shikamoo zangu zimelimbikizana huko kwako. Wifi yangu nampata, lakini kila nikikutaja anasema uko kikaoni. Kikao gani hicho cha kulala na kuamka? Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua huwezi kuizima.

Sisi huku hatujambo, isipokuwa mguu wangu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa namkimbiza mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mbaazi, nikatumbukia kwenye shimo la kisiki alilochimba baba Julia na kulisahau. Kifundo kimevunjika. Hospitali wamenifunga hogo la plasta mpaka gotini na kuniambia nisikanyage chini wiki nane. Usicheke. Na mbuzi sikumpata.

Julia anaendelea na cherehani yake Masasi mjini. Wakwe zetu wa Lukuledi wameleta neno kwamba Charles, mchumba wake, amepewa ruhusa shuleni anakofundisha mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo harusi ni Jumamosi tarehe 25 Novemba. Posa uliipokea wewe mwenyewe, basi na tarehe uipokee.

Sasa lililonikalisha kuandika. Mahmudu wa samaki, ndiye atakayekuletea barua hii, amerudi kutoka huko kwenu juzi. Anasema sokoni Newala watu hawana habari nyingine ila ushuru wa mti. Kila mkorosho shilingi elfu moja kwa mwaka, uzae usizae, hata mche wa juzi. Anasema hoja imepita kwenye baraza la madiwani, bado tu kuhesabu miti, na kuna diwani mzaliwa wa huko huko aliyeishabikia. Nikamuuliza diwani yupi. Akainama akaanza kupanga samaki wake upya.

Alfredi, mkono wako ulikuwa juu au chini? Niandikie mwenyewe.

Dada yako,
Severina


Newala,
21 Mei 2023

Dada mpendwa Mama Julia,

Shikamoo. Pole sana na ajali ya mguu. Huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama Anderson anakusalimu. Anderson yuko chuoni Mtwara, anaomba hela kila wiki, kwa hiyo ni mzima. Bomba letu halijatoa tone tangu Pasaka na tunanunua maji kwa dumu kama watu wote. Mama Anderson amefikia kuoshea vyombo maji aliyonawia.

Tarehe ya harusi nimeipokea kwa furaha kubwa.

Kuhusu suala uliloliulizia, napenda kukufahamisha kuwa bado liko katika hatua za mapendekezo, na kwamba maamuzi ya baraza ni ya baraza zima kwa ujumla wake, hivyo haitakuwa sahihi kuyahusisha na mtu mmoja mmoja. Wananchi wataelimishwa kwa wakati muafaka.

Simu yangu ina tatizo la betri.

Nakutumia dawa ya kuchua na kilo tano za mchele. Msalimie shemeji, umwambie afukie lile shimo.

Ndimi mdogo wako,
Alfredi


Chiwata,
4 Juni 2023

Baba Anderson,

Marahaba. Dawa nimepata, na mchele tumekula, asante. Barua yako nimemsomea baba Julia, akaniuliza kama imeandikwa na shemeji yake au imebandikwa ukutani ofisini. Nimekuuliza mkono, umenijibu betri!

Haya, nisikilize. Jumapili iliyopita baada ya ibada, ndugu zetu wote wa upande wa mama walikutana hapa uani kwangu, kwa sababu mimi siwezi kutembea. Walikuja kunipa pole ya mguu, lakini mguu waliuongelea dakika tano tu. Wamesema hawatakaa mkeka mmoja na mtu wa ushuru.

Unajua hilo maana yake nini, huhitaji kufundishwa. Kwetu binti hatoki nyumbani mpaka mjomba wake akae mkekani mbele ya ukoo, aushike mkono wa mpwa wake, autie kwenye mkono wa mume na kusema "nimewapa". Padri atafunga ndoa yake, sawa, lakini bila neno hilo ndugu zetu watasema Julia ameondoka kama mtu aliyetoroka. Na Julia ana mjomba mmoja tu wa tumbo moja na mama yake.

Wametaja Nikolao, mtoto wa mama mdogo, akae badala yako. Nikolao! Wiki iliyopita amemwita mwanangu Julieta. Nilitaka kuinuka niseme, hogo likanirudisha chini. Wakadhani nimekubali.

Mwanangu amesikia yote akiwa jikoni. Amerudi Masasi na gari la asubuhi, na chai hakunywa.

Sasa nikukumbushe, maana vikao vinasahaulisha. Julia alipotimiza siku arobaini, wewe ndiye uliyempandia mkorosho kwenye shamba la mama, kama mjomba anavyotakiwa. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka ule mvua ilikata mapema, ukashuka bondeni kuchota maji na kupanda mlima na ndoo kichwani kama mwanamke, kila siku, miezi miwili. Wasichana walikucheka, nawe ukaendelea tu. Mti ule mama mdogo Pili anauangalia mpaka leo na kila msimu korosho zake anamtunzia Julia. Na huo nao una shilingi elfu moja?

Kama ulinyoosha mkono, niambie. Nitajua pa kuanzia kukutetea. Ukinificha nitakaa kimya, na Nikolao atakaa mkekani. Mimi siwezi kumtetea mtu nisiyejua amefanya nini.

Severina


Newala,
30 Julai 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Najua ni wiki nane. Mahmudu amekuja mara tatu akiniuliza kama kuna jibu, na mara tatu nimemwambia kesho. Mara ya nne hakuuliza, alikaa tu kwenye ngazi na kapu lake mpaka nyumba nzima ikanuka samaki. Nimeelewa.

Mkono ulikuwa juu.

Nilinyoosha kwa sababu ya maji. Mhandisi alituwekea mchoro mezani, kisima kirefu, pampu na bomba la kupanda mpaka huku juu kwetu. Mchoro mzuri, dada. Halafu akasema hela hakuna. Mimi nimekua nikibeba maji kutoka bondeni, na leo nina miaka arobaini na tano na mke wangu anapimia maji ya chai kwa kikombe. Nikawaza, miti tunayo, kila mtu anayo, mti mmoja shilingi elfu moja itamuua nani? Nilihesabu yale maji. Watu sikuwahesabu.

Umeniuliza habari zangu, sasa zisome. Kila asubuhi nikifungua mlango nakuta mche wa mkorosho kwenye kopo, umefungwa kikaratasi: "Mheshimiwa, hesabu na huu." Mpaka leo ni kumi na tisa. Mama Anderson hataki itupwe, anaimwagilia maji ya kunawia. Kanisani benchi letu la watu sita nakaa peke yangu. Kinyozi wangu juzi kaniambia mashine imeharibika, na wakati ananiambia alikuwa anamnyoa mtu. Nywele zangu sasa zinafika masikioni. Ile simu niliizima mwenyewe, dada. Betri ni nzima. Matusi yalikuwa yanaingia mpaka inapata moto.

Mwezi ujao wanaanza kuhesabu miti kwa majaribio, na wanaanzia kata yangu.

Mimi sitaki Nikolao akae pale.

Alfredi


Chiwata,
8 Agosti 2023

Alfredi mdogo wangu,

Marahaba, marahaba sana. Nimefurahi. Wewe soma tena uone, nimeandika nimefurahi. Umefanya upumbavu mkubwa na nitakusema mpaka nizeeke, lakini walau sasa ninaongea na ndugu yangu, siyo na tangazo.

Hogo limetolewa. Mguu umekonda, mweupe kama muhogo uliomenywa, ila nakanyaga. Kwa hiyo Jumapili niliinuka mbele ya ndugu zetu nikasema: ndiyo, alinyoosha, kaniambia mwenyewe, na aliyoyataka ni maji. Palizuka kelele! Mmoja akasema hata mwizi wa kuku huwa ana njaa. Nikasema ninyi mmewahi kumwona Alfredi akiiba kuku? Wakacheka kidogo. Mwisho wamekupa mpaka mwisho wa Septemba. Ushuru ukiondoka, utakaa mkekani. Usipoondoka ni Nikolao, na hapo mimi sina la kufanya tena.

Nikolao mwenyewe amenifuata pembeni kuniuliza siku ile anatakiwa aseme maneno gani. Jasho lilikuwa linamtoka.

Lakini Alfredi, kuna kitu bado hujaniambia. Ulipokuwa mdogo, ukivunja vyungu viwili ulikuwa unakiri kimoja. Sikulazimishi.

Kuhusu huko kuhesabu miti, sina la kusema.

Mahmudu amebeba na kifurushi cha Mama Anderson. Ni mambo ya wanawake, usifungue.

Severina


Newala,
10 Septemba 2023

Dada Severina,

Shikamoo. Kaa chini ndiyo usome, mguu bado mgeni.

Wahesabuji walikuja, vijana wawili wenye vishikwambi, wapole, viatu safi. Wakaanzia shamba la mama. Nilikwenda nao ili watu waone siogopi. Tumemkuta mama mdogo Pili amekaa kwenye kinu. Kijana mmoja akamuuliza, mikorosho hii ni ya nani?

Mama mdogo akainuka, akaweka mkono kwenye mti wa kwanza. "Huu wa Julia. Anashona Masasi." Kijana akasema, bibi, nataka jina moja tu, mwenye shamba. Mama mdogo akamwambia shamba ni la ukoo, lakini miti ina wenyewe, na yeye hawezi kuandikisha mti wa mtu kwa jina la mwingine, hiyo ni dhambi. Akasogea mti wa pili. "Huu wa marehemu dada yangu. Sasa wanakula wajukuu wake saba. Niwataje?" Akawataja. Mti wa tatu ni wa kijana aliyeko Lindi, ila nusu ya upande wa barabara alimpa dada yake alipougua. Wa nne amepandiwa mtoto ambaye yuko tumboni, mama yake ana miezi saba.

Kijana akasema mfumo unataka namba ya kitambulisho cha kila mwenye mti. Mama mdogo akamjibu, "Basi msubiri azaliwe."

Saa saba wakaletewa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, wakashiba, wakashindwa kuinuka. Mpaka jua linazama wamemaliza miti kumi na moja. Kesho yake shamba la pili, maneno yale yale. Siku ya tatu kijiji cha pili, maneno yale yale, na ugali ule ule. Hakuna aliyetukana mtu. Hakuna aliyekataa. Kila mmoja alisema kweli tupu, nami nilisimama pale nikijua kwamba ni kweli, kwa sababu mimi mwenyewe nimewapandia wapwa zangu miti minne kwenye mashamba hayo. Nilikwenda barazani nikasema mwenye shamba atalipa, kana kwamba nimezaliwa nchi nyingine. Mtu wa Dodoma angekosea hivyo nisingemlaumu. Lakini mimi!

Sasa chungu cha pili, dada. Ulikuwa unakijua.

Ile miti kumi na moja ilipoingia kwenye mfumo, fomu za majaribio zilitoka. Mimi kama mwenyekiti wa kamati ya fedha hupelekewa ya kwanza niikague. Nimeishika mkononi. Jina la mlipaji: Julia Kasiani. Mali: mkorosho mmoja. Umri wa mti: miaka ishirini na sita. Aliyepanda: Alfredi, mjomba. Na chini pale kwa mtoa hoja, sahihi yangu. Sikunyoosha mkono tu. Hoja niliileta mimi, niliiandika mimi, na nilizunguka kwa wenzangu mmoja mmoja kuwashawishi.

Nimekaa nayo ofisini mpaka mlinzi akaja kufunga. Nililia, dada, sikufichi, mtu mzima na nywele za masikioni. Nimempelekea bili mtoto niliyempandia mti.

Baraza linakaa tarehe 28. Hoja yangu nitaiondoa mwenyewe. Wenzangu wawili wamenionya kwamba nikifanya hivyo nisitegemee kuwa mwenyekiti wa kitu chochote tena, na uchaguzi hauko mbali. Nitaiondoa tu. Ninachoogopa ni kwamba wanaweza kuipitisha bila mimi.

Fomu naituma kwako. Mpe Julia, umwambie asilipe chochote. Mwambie na aliyesaini ni nani.

Alfredi


Chiwata,
19 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika haraka, Mahmudu anasubiri na samaki wanaharibika.

Nimempa Julia ile fomu. Ameisoma yote, juu mpaka chini, halafu mara ya pili. Nikamwambia sahihi ni ya mjomba wako. Akasema, "Naijua, ndiyo ilikuwa kwenye barua za ada yangu." Kisha akaniomba akae nayo. Nikamuuliza ya nini, akaikunja akaitia kwenye pochi.

Wewe nenda tarehe 28 ukaseme. Sauti yako isitetemeke. Ikitetemeka, kohoa, watadhani ni kifua.

Ndugu zetu sijawaambia habari ya mtoa hoja. Utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako, tukishavuka. Kama tutavuka. Silali, Alfredi. Nimeshona shuka mbili za harusi na zote nimezishona kombo.

Severina


Newala,
1 Oktoba 2023

Dada Severina, dada yangu,

Shikamoo na shikamoo tena! Imeondoka!

Nimetaka neno hilo uanze nalo, mengine utasoma ukinywa chai.

Siku ya baraza wananchi walijaa mpaka madirishani. Mahmudu alikuwepo na kapu lake, kwa hiyo safu ya nyuma ilikuwa na nafasi. Zamu yangu ilipofika nikasimama, na sauti ikatetemeka, nikakohoa, ikatetemeka tena. Basi nikaacha kukohoa. Nikasema hoja hii niliileta mimi, na nimekosea, na naiondoa. Nikawaeleza habari ya mti wa aliye tumboni. Kuna diwani mmoja mkali sana, mimi ndiye niliyemshawishi mwezi wa nne, akasimama. Nikajua sasa ndiyo mwisho. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, na mimi nina miti ya wapwa, na mama yangu hajaongea nami tangu Aprili. Iondoke." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Walipoulizwa wanaoafiki kuiondoa, mikono yote ilikuwa juu. Na wangu ulikuwa juu, dada. Safari hii naweza kukuandikia bila kuulizwa.

Nje watu walinizunguka, nikadhani nitapigwa. Mzee mmoja akanishika bega akasema, "Wewe, kwa nini hukutuambia kuwa ni maji? Ungetuambia ni maji tungekaa tukaongea." Sasa tumepanga mkutano baada ya mnada wa korosho, kila kaya itaje yenyewe inachoweza, na akina mama ndio watakaoshika hela. Maji bado hatuna, nisikudanganye. Lakini walinipa mkono.

Kisha kinyozi akaniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mheshimiwa! Mashine imepona!" Ameninyoa bure.

Leo kanisani benchi lilikuwa na watu saba. Tulibanana mpaka Mama Anderson akanikanyaga, na sijawahi kufurahia kukanyagwa kiasi hicho. Simu nimeiwasha. Ujumbe wa kwanza kuingia ni wa Nikolao: "Kaka asante, Mungu akubariki, nilikuwa silali."

Miche sasa ni arobaini na mmoja na yote imeshika. Mlangoni hapapitiki.

Jambo moja, dada. Mashamba yote kujibu maneno yale yale, na ugali ule ule wenye kisamvu cha nazi wakati nazi bei yake unaijua. Nimemuuliza mke wangu kile kifurushi kilikuwa na nini. Amesema ni mambo ya wanawake.

Ulikuwa na nini?

Mdogo wako,
Alfredi


Chiwata,
12 Novemba 2023

Alfredi mdogo wangu, mjomba wa Julia,

Marahaba, na Mungu akuweke. Simu yako sasa inapatikana na tumeongea mara nne wiki hii, lakini hili nataka uwe nalo kwa maandishi.

Barua yako ya tarehe moja ilinikuta natwanga. Niliposoma neno la kwanza niliuacha mchi ndani ya kinu nikakaa chini, nikacheka, nikalia. Baba Julia akaja mbio akidhani nimevunjika tena. Nilimwambia imeondoka, naye akaenda kulifukia lile shimo. Miezi sita nilimwambia, akafukia siku ile.

Haya, kifurushi. Palikuwa na doti moja ya kanga ya wifi yangu, nazi nane, na karatasi. Niliandika: mtu asitukane wala asifukuze, kila mtu aseme ukweli wa mti wake bila kuongeza wala kupunguza, na wahesabuji wapikiwe vizuri. Basi. Wifi yangu akazunguka nayo mashambani kwa miguu, siku ulizodhani yuko kwenye maombi. Usimgombeze. Hatukuwa tunakupiga vita. Tulitaka uione miti ile kwa macho yako kabla hujaiona kwenye karatasi, kwa sababu nilijua ukifika kwenye mti wa kwanza utakumbuka ndoo.

Jumapili ndugu zetu walikuwa hapa. Wanajua sasa kuwa hoja ilikuwa yako. Nimesikia uliwapigia mmoja mmoja, ukaanza na mkali kuliko wote. Amesema, "Amekiri kabla sijamuuliza, huyo ni wa kwetu." Kisha wakaanza kugombana nani atakaa karibu nawe. Nikolao tumempa kazi ya kugawa soda, amefurahi mno.

Kuhusu ile fomu. Jana Julia alikuwa anapanga sanduku lake la kwenda nalo Lukuledi. Nikamwona ameitoa kwenye pochi, akainyoosha kwa pasi, akailaza chini kabisa, chini ya vitenge, pamoja na cheti cha ubatizo. Nikamwambia mwanangu, hiyo ni karatasi ya ushuru uliokufa, itupe. Akasema, "Mama, mti ule sina karatasi yake nyingine. Hii imeandikwa wazi kuwa ni wangu, na aliyenipandia ni nani, na amesaini." Nikamwacha. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatafuta kazi ya kufanya.

Miche yako lete mmoja, Charles ameshachimba shimo mbele ya nyumba yao, na baba Julia amekwenda kulikagua. Mkeka ni ule wa mama, nimeuanika juani, una kijitundu upande wa kushoto, kwa hiyo wewe utakaa kulia. Njoo Ijumaa, usije asubuhi ya harusi ukiwa na vumbi la njiani.

Na ukishakaa pale na kuushika mkono wa mtoto, simu yako uizime. Siku hiyo nakuruhusu.

Dada yako,
Severina